Kovu Lililojua Zamu

Siku ile Mama Kidoti alipiga pasi mashati ya watu huku akitabasamu peke yake. Kazi yake ni udobi, na ukimwona dobi anatabasamu mbele ya lundo la mashati yaliyojikunja, ujue kuna jambo. Mume wake alikuwa anarudi. Tena si hilo tu. Alikuwa na habari ya kumpa, habari ambayo mtu mwingine akiisikia atadhani mama wa watu karukwa na akili. Alikuwa ameumwa. Ameumwa sana, siku nyingi mfululizo, na mume wake hayupo.

Mke kufurahia maumivu ni jambo la kushangaza, kwa hiyo turudi nyuma kidogo.

Baba Kidoti alikuwa fundi wa mtambo wa kuchimba visima vya maji. Kazi yao ilikwenda kwa zamu, wiki tatu kambini porini, wiki moja nyumbani. Mtoto wao alizaliwa kwa upasuaji, binti mwenye alama nyeusi shavuni kama nukta ya kalamu, ndiyo maana wakamwita Kidoti. Kovu la upasuaji lilikaa kimya muda mrefu. Mtoto akatambaa, akasimama, akaanza kusema maneno makubwa kuliko umri wake, kovu limetulia tu. Kisha likaanza vituko. Kwenye pembe yake ya kushoto, chini ya ngozi, pakaota kijiwe kigumu kama kokwa ya tende. Siku za kawaida kilikuwa kimelala. Baba Kidoti akikaribia kurudi, kinaamka. Kinavimba, kinawaka moto, hata mpira wa sketi ukikigusa Mama Kidoti anaona nyota mchana. Mume akimaliza wiki yake na kubeba begi, haupiti muda kijiwe kimelala tena, utadhani hakikuwahi kumtesa mtu.

"Mimi nimezaa, nimeuguza, nimezika mume," mama mkwe alisema siku moja, tena kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Lakini uvimbe unaojua zamu ya mume sijapata kuuona. Huo ni ugonjwa au ni saa ya ukutani?"

Hospitali Mama Kidoti alikwenda, tena zaidi ya mara moja. Ila alikwenda mume akishaondoka. Wiki ile moja ilikuwa adimu, asingeweza kuimalizia kwenye mabenchi ya foleni huku mume amekaa nyumbani peke yake. Basi akifika, tabibu anabonyeza. "Hapa unaumia?" "Sasa hivi hapana." "Basi ni kovu tu, mama. Makovu mengine yana tabia hizo." Anapewa vidonge vya maumivu, anarudi kwenye pasi zake.

Mwisho akaanza kujiogopa mwenyewe. Kwenye kikundi chao cha maombi mwanamke mmoja alimnong'oneza kwamba ziko ndoa ambazo damu hazipatani, mwili wa mke unamkataa mume hata kama moyo unamtaka. Maneno yale yalimkaa kifuani kama moshi. Akawa anasali huku analia, "Ee Mungu, mwanaume ninayempenda ndiye anayeniumiza?"

Ndipo ikatokea kwamba mtambo ulinasa kwenye mwamba, na zamu nzima ikacheleweshwa wiki moja. Mama Kidoti akajua amepumzika. Wapi! Maumivu hayakumsubiri mtu. Yalikuja siku zilezile, mume akiwa bado porini anahangaika na chuma chake. Alijikunja chini kati ya kabati na kitanda, machozi yanamtoka, na katikati ya mateso yale moyo wake ulikuwa unaimba. Si yeye! Jamani, si yeye!

Hiyo ndiyo habari aliyokuwa ameiweka, aipige pasi vizuri, ampe mume wake ikiwa bado ya moto.

*

Alifika mchana. Kidoti ndiye aliyemwona kwanza, akapiga kelele moja akamrukia magotini. Baba Kidoti alimwinua mtoto hadi karibu na dari, na juu ya bega la mtoto macho yake yakamtafuta mkewe. Mume alikuwa amekonda. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye nyusi, na mashavu yamebabuka kwa jua. Mama Kidoti alisimama na taulo mkononi, akasahau alikuwa anakwenda nalo wapi.

"Dobi," alisema mume.

"Ovaroli," alijibu mke.

Hayo yalikuwa majina yao. Walikutana kwenye kaunta ya udobini, yeye kaleta ovaroli lililolowa grisi ambalo madobi wote wa mtaa walilikataa. Mama Kidoti, wakati huo msichana mwenye ulimi, alilinyanyua kwa vidole viwili akauliza, "Kaka, hii ni nguo au injini?" Kijana akacheka mpaka akasahau kuchukua chenji. Kesho yake akaleta ovaroli jingine, na hilo lilikuwa safi.

Mama mkwe alikuwepo pia, amekaa kwenye kigoda ukumbini anachambua maharage. Alikuwa amekuja tangu mwezi uanze, kumsaidia mkwe na mtoto, ndivyo alivyosema. Kila mtu nyumba ile alijua amekuja kuchunguza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda. Huko hamli?"

"Tunakula, mama. Tunakula vumbi."

Baada ya kuoga alimfuata mkewe jikoni. Mama Kidoti alikuwa amempa mgongo, anakoroga sufuria, na moyo unamdunda kwa ile habari. Aliisikia harufu ya sabuni. Akasikia pumzi yake karibu na sikio. Kisha mkono wa mume ukaja taratibu kiunoni, kama mkono wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo amewahi kufukuzwa.

Na kabla hajafikiri lolote, mkono wake yeye uliruka ukamdaka kifundo.

Hakuwa anaumwa. Msomaji, shika hilo. Kijiwe kilikuwa kimelala fofofo. Lakini mwezi baada ya mwezi mkono ule umejifunza kulilinda kovu, na sasa ulifanya kazi yake bila kumwuliza mwenyewe. Ulimdaka mume kifundo, ukamkaza, ukamsimamisha hewani.

Wote wawili wakaganda.

"Bado," alisema Baba Kidoti. Halikuwa swali.

"Hapana! Ngoja. Siumwi, leo siumwi kabisa."

"Kama huumwi, mbona umenishika?"

"Ni mkono tu umezoea."

"Umezoea." Alijivuta polepole akarudi nyuma hadi kwenye mlango. "Wiki nne nimelala kwenye kontena la bati, Mama Kidoti. Na mkono wako umezoea kunizuia."

Alipoacha kumwita Dobi, mke alijua mambo yameharibika. Akaharakisha maneno, akayapanga vibaya, habari ikamtoka kichwa chini miguu juu.

"Nina habari njema. Wiki iliyopita niliumwa!"

"Hiyo ndiyo habari njema?"

"Niliumwa na wewe hupo! Huoni? Siku zote nilikuwa nikiumwa ukija, nikaanza kuogopa, nikasema labda... lakini safari hii hukuja, na bado likaniuma vilevile. Kwa hiyo si wewe!"

Alimtazama akingoja uso ule ukunjuke. Ukakunjamana zaidi.

"Subiri nikuelewe," alisema mume. "Nikiwepo, unaumwa. Nisipokuwepo, unaumwa. Na leo nipo, huumwi, lakini unanidaka kama mwizi wa kuku. Ungekuwa mimi, ungeelewa nini hapo?"

"Ningeelewa kwamba mke wangu ni mgonjwa!"

"Mgonjwa wa nini? Umekwenda hospitali, wakasema nini?"

"Wakasema ni kovu."

"Haya."

"Haya nini? Hebu litoe hilo lililokukwama kooni."

"Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, hayo maumivu ya wiki iliyopita nani aliyaona?"

Hapo Mama Kidoti alipata nguvu. Shahidi alikuwepo, tena shahidi ambaye mume asingeweza kumkatalia. Akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama! Mama, si uliniona? Wiki iliyopita, chumbani. Si uliniletea maji?"

Mama mkwe alichukua harage moja, akaligeuza, akaliangalia kama dhahabu.

"Maji naleta kila siku," alisema. "Watu wanasikia kiu."

"Mama!"

"Mimi nilikuwa na mtoto. Siwezi kuangalia mtoto na kuangalia watu wazima."

Kama angepigwa kofi angeona nafuu. Mama Kidoti alisimama mdomo wazi, supu inadondoka kwenye mwiko. Nyuma yake mume alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka kutumaini.

"Nilikuwa sitaki kusema leo," alisema kwa sauti ya chini. "Msimamizi kaniita. Wanafungua kambi mpya, mbali. Wananitaka niwe fundi mkuu. Lakini huko mtu anarudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Nimeahidi kumjibu kesho."

"Mara moja kwa mwaka?" Kidoti aliuliza kutoka chini ya meza.

"Na ulikuwa unataka kumjibu nini?" Mama Kidoti aliuliza.

"Nilitaka nije kwanza nione."

"Uone nini?"

"Kama nitashikwa mkono."

Akavaa ndala, akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nje na mgongo wake mpana umeziba mlango mzima.

*

Mama Kidoti hakulia. Alichomeka pasi. Nguo za wateja zilikuwa za kesho kutwa lakini alizipiga zote, na kila kola iliyopita mbele yake ilikiona cha moto. Alikuwa na maneno mengi na pa kuyapeleka hakuna. Kama angekuwa amevunjika mguu wangemletea matunda. Kama angekuwa na homa wangemgusa paji la uso. Lakini ugonjwa wake huja ukijificha na huondoka bila kuacha alama, umemfanya mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wakati mwingine alitamani kijiwe kile kipasuke tu, kila mtu aone kilichomo.

"Utachoma hizo nguo," alisema mama mkwe akipita na sinia lake.

"Nikizichoma nitalipa, mama."

"Usinijibu kwa pua."

"Sikujibu kwa pua. Nilikuomba neno moja tu. Neno moja la kweli, mama, ukaninyima. Unajua alichoniambia mwanao? Mwaka mzima! Ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Mama mkwe aligeuka na sinia lake. Aliingia chumbani kwake, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na huo ndio wakati wake wa sala. Alikuwa mtu wa sala yule mama, hilo hata adui yake asingemnyima. Kwa kawaida akishaingia sauti yake husikika kwa mbali kama nyuki kwenye mzinga. Jioni ile ilianza, ikakatika. Ikaanza tena, ikakatika. Kisha mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

"Wewe uliyeko nje, ingia ndani! Unafukuza nzi wa nani hapo? Na wewe zima hiyo pasi, umeshainyoosha hadi hewa."

Wakaja. Mama mkwe alibaki amesimama, ameshika fremu ya mlango.

"Nimeanza kusali, maneno yanafika mdomoni yanarudi. Naanza upya, yanarudi. Basi wacha niseme nipate kupumzika. Nilimwona."

"Mama?" alisema Baba Kidoti.

"Usinikatize, nitabadili mawazo. Nilikuja kuchukua viatu vya mtoto asubuhi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Huyu alikuwa chini, kati ya kabati na kitanda, amejikunja kama nguo iliyokamuliwa. Amejisokomeza soksi ya Kidoti mdomoni ili asisikike. Jasho linamtoka. Hakujua kama nipo." Alimeza mate. "Nikajiuliza, mtu anayejifanya, anajifanyia nani kwenye chumba kitupu? Soksi ya nini? Ndipo nikarudi na maji nikajifanya napita tu."

"Sasa mchana mbona hukusema?" Baba Kidoti aliuliza.

"Kwa sababu siku zote mimi ndiye niliyekwambia anajifanya. Nilitaka uwe uongo. Ungekuwa uongo ingekuwa rahisi kwangu."

Mama Kidoti alikaa kwenye mkono wa kochi. Alimtazama mama mkwe kwa macho yaliyojaa, na yule mama akageuza uso haraka.

"Usiniangalie hivyo. Sijasema nakupenda. Nimesema nilikuona."

Akarudi chumbani kwake, na safari hii sauti ya nyuki ilikwenda bila kukatika.

Baba Kidoti alipiga hatua kuelekea kwenye kochi, akasita, mikono yake ikawa haina pa kukaa. "Kesho tunakwenda hospitali. Mimi na wewe."

"Kesho una jibu la watu."

"Watasubiri."

"Nami nisubiri?" Mama Kidoti alisimama akaanza kukunja nguo. "Nilikwambia kwa kinywa changu, mwezi baada ya mwezi. Hukuniamini mpaka mama yako ashindwe kusali? Nenda kale, chakula kimepoa."

*

Benchi la kliniki ya wanawake lilijaa wajawazito, na katikati yao Baba Kidoti alikaa kama kabati lililoletwa nyumba isiyo yake. Kila muuguzi aliyepita alimtazama. Mke wake hakumsemesha, ila alipoona anahangaika na magoti yake marefu alisogea akampa nafasi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti ya mtu asiye na muda lakini anayekupa. Alimlaza mgonjwa, akalipapasa kovu kwa ncha za vidole, akasimama kwenye ile pembe ya kushoto.

"Hiki hapa. Kinauma lini?"

Mama Kidoti aliangalia dari.

"Kinauma nikirudi mimi," alisema Baba Kidoti.

Daktari aligeuka, akavaa miwani. "Ukirudi kutoka wapi?"

"Kazini. Wiki tatu nakuwa kambini, moja nyumbani. Nikifika tu, kimeamka. Isipokuwa safari hii nilichelewa, na... kiliamka bila mimi."

"Ahaa. Na siku zako za mwezi, mama, huja lini?"

Mama Kidoti alitamani shuka la hospitali limfunike hadi kichwani.

"Na zenyewe," mume alisema, masikio yamemwiva, "huwa zinakuja nikirudi."

"Wewe baba, ukirudi unarudi na mengi." Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha. "Safari hii ulipochelewa, zilikusubiri?"

"Hazikunisubiri," alisema. Akamtazama mkewe. "Eti?"

"Hazikusubiri," Mama Kidoti alinong'ona. "Zilikuja na kijiwe. Pamoja." Akainuka kwenye viwiko. "Daktari, siku zote huja pamoja. Mimi nilijua ni mkosi juu ya mkosi."

"Hukuwahi kuwaambia waliokupima?"

"Hawakuuliza. Na mimi nilikwenda kwa ajili ya kovu la juu, la ngozi. Ningeanzaje kumwambia kijana wa watu habari za siku zangu?"

Daktari alivuta kiti akakaa karibu nao. Aliwaeleza kwamba ndani ya mji wa mimba kuna utando, na kila mwezi utando ule hujijenga, mimba isipoingia hubomoka ukatoka na damu. Wakati wa upasuaji wa uzazi, chembe zake huweza kubaki kwenye kidonda, kikifunga zikajifungia humo. Haimaanishi aliyeshona alikosea. Hutokea, si kwa wengi, lakini hutokea, na wakati mwingine hukaa muda mrefu kabla ya kujionyesha.

"Chembe hizo hazijui kwamba zimehama," alisema. "Mwezi ukifika, wenzao wa ndani wakiitwa kazini, na zenyewe zinaitika. Zinavimba, zinavuja damu. Za ndani zina mlango wa kutokea. Hizi zimefungiwa chini ya ngozi, ndiyo maana unaona moto. Tunaita endometriosisi ya kovu. Tutapiga picha ya ultrasaundi kuhakikisha, lakini mlivyonieleza hivi, sina shaka kubwa."

"Ni saratani?" Baba Kidoti aliuliza.

"Dalili zake si za saratani. Tukishakikata tutakipeleka maabara, ndio utaratibu. Tunakitoa chote na nyama ya pembeni kidogo. Wengi wanapona. Wachache kinawarudia, sitawadanganya."

Mama Kidoti alianza kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo akagundua mabega yamechubuka. Kilikuwa na jina. Kitu kile kilikuwa na jina, na kinajulikana, na si mume, na si damu kutopatana, na si uongo.

Lakini mambo hayakunyooka kama shati. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimejaa, na nafasi waliyopewa, kama kwa makusudi, iliangukia siku ambazo Baba Kidoti atakuwa kambini. Walipewa vidonge vya kuzituliza siku zake hadi wakati huo. "Vitakilaza," daktari alisema, "havitakiondoa."

*

Walitokea uani nyuma ya hospitali, mashuka meupe yameanikwa kwenye kamba ndefu. Mama Kidoti aliyakagua kwa mazoea, akaona yameoshwa kwa haraka. Simu ya mume ikaita.

"Ndiyo bosi... Ndiyo, nilisema leo. Jibu langu ni hapana." Akaisogeza simu mbali na sikio, mngurumo wa upande wa pili ukasikika hadi kwenye mashuka. "Naelewa, bosi. Naelewa haitatokea tena. Ila ninalo ombi. Ratiba ikirudi kawaida yake, nihamishie zamu ile inayotufuatia... Sababu? Sababu ni kwamba kuna mgeni huwa anarudi nyumbani wiki ileile ninayorudi mimi. Tunagongana mlangoni."

Mama Kidoti alimpiga begani. "Huna haya!"

"Hapana bosi, si mwanaume. Ni kijiwe... Basi tu, bosi. Mke wangu anafanyiwa upasuaji na mimi nitakuwepo. Ukininyima ruhusa nitakuja bila ruhusa." Akasikiliza. Akashusha simu. "Amesema ataangalia."

"Ataangalia ndiyo au hapana?"

"Amesema ataangalia, akanikatia."

Walisimama. Shuka moja lilipepea katikati yao likarudi mahali pake.

"Umepoteza cheo," alisema mke.

"Huko mwaka mzima hakuna ambaye angenishika mkono."

Alitaka kucheka, akakuta hasira bado ipo palepale. "Usifikiri yamekwisha. Nilikuwa natafuna soksi za mtoto, nawe unanipangia mwaka mzima wa kukaa mbali."

"Nisamehe."

"Sijui. Nimechoka. Niombe tena nikishapona."

"Nitaomba tena leo, na kesho, na ukishapona," alisema. Na kwa kuwa hakujua la kuongeza, akambebea mkoba, mwanaume mzima, mkoba wa maua begani, akatembea nao hadi nyumbani katikati ya mtaa, na majirani wakatazama hadi wakachoka.

Nyumbani mama mkwe hakuuliza kitu. Aliangalia nyuso zao, akamchukua Kidoti akampeleka ukumbini. Chumbani jua la alasiri lilikuwa limepiga pazia, kila kitu kina rangi ya chai. Mama Kidoti alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mume alikaa pembeni yake, mbali kidogo, mikono yake juu ya magoti yake mwenyewe kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Mke akanyoosha mkono, akamdaka kifundo.

Baba Kidoti aliacha kupumua. Alisubiri kusukumwa. Badala yake aliuona mkono wake unavutwa polepole, juu ya nguo, chini ya nguo, hadi kwenye ngozi iliyoshonwa, ngozi ambayo hakuwahi kuigusa tangu mtoto azaliwe. Mke wake alimfungua vidole kimoja kimoja akaviweka kwenye pembe ya kushoto.

"Hapa?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Hapo."

"Kadogo hivi?"

"Kadogo hivyo hivyo."

Machozi yalimdondoka yule fundi, yakadondokea kwenye begi lake la safari ambalo bado lilikuwa halijafunguliwa. Hakuyafuta, maana mkono mmoja alikuwa ameunyima ruhusa ya kuondoka, na wa pili alikuwa ameusahau.

Kikohozi kikasikika nje ya mlango. Kikohozi cha kujitengeneza, cha mtu mzima.

"Mama Kidoti."

"Abee mama."

"Nimeleta maji."

"Asante mama, lakini sina kiu."

"Kunywa tu."

Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono mmoja mkavu wenye glasi, na uso wa mwenye mkono ukabaki nje, umegeukia ukutani. Mama Kidoti aliipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki pale pale, umekishika kifundo cha mume wake, umekikaza ili kisiondoke.